Udongo wa Ubingwa

Ukiingia jengo la michezo la Chuo cha Pickard, huku kwetu Mississippi, kitu cha kwanza kukutana nacho ni kabati la vioo lililojaa vikombe. Katikati ya vikombe, mahali pa heshima kabisa, kuna chupa ya mdomo mpana, ya aina ile ambayo kina mama hutilia achari ya matango, imejaa udongo na kubandikwa karatasi iliyoandikwa 1991. Wachezaji wetu wa besiboli hawatoki kwenda uwanjani bila kugusa kioo mbele ya chupa hiyo. Vijana wa watu, wamesoma hesabu hadi wamevaa miwani, lakini hilo hawaliachi. Wazazi hupiga picha nayo. Mkuu wa chuo huwaonyesha wageni, akishusha sauti kama yuko kanisani.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukigusa kioo hicho, na ndiye aliyeuchanganya udongo ule kwa mikono yake. Huyo ni Ezell Purvis, mtunza uwanja. Sisi tulisema ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani! Mtu alikuwa anaona haya. Aliona haya miaka thelathini na miwili, akala nayo, akalala nayo, na sisi tukawa tunampiga mgongoni na kumwambia, "Mzee Ezell, bila wewe hakuna Pickard." Hakujua aweke wapi uso.

Ezell aliingia chuoni mwaka 1973, ana miaka ishirini na miwili, mtoto wa watu waliolima pamba mashamba ya wengine. Aliyempa kazi alikuwa Kocha Weems, yule aliyeianzisha timu yetu. Weems alikuwa mwalimu wa kemia, mtu mkavu, mfupi, asiyecheka hata kwa dawa. Alikuta malisho ya ng'ombe akayageuza uwanja, na mvua ikinyesha siku ya mechi alimwaga mafuta ya taa kwenye udongo akauwasha moto ukauke. Ndiye aliyemfundisha Ezell kutambua udongo kwa vidole, kujua umebeba maji kiasi gani kwa kuufinya tu. Na alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka likachosha: "Uwanja hauna timu, Ezell. Wachezaji wana timu. Mimi nina timu. Wewe huna." Maana yake, mgeni na mwenyeji wote wakanyage ardhi moja.

Weems alipostaafu akaja Kocha Dub Hathorn, na huyu alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Hathorn alikuwa na tumbo, kicheko, na njaa ya kushinda isiyoshiba. Chini yake Pickard ikawa Pickard. Chuo cha watu mia tisa kikawa kinavitoa jasho vyuo vya watu elfu ishirini. Mji mzima ulimpenda. Kinyozi hakumlipisha, na mwanamke wa mkahawa wa kambare alikuwa na meza yake isiyokaliwa na mtu mwingine. Ezell naye alimpenda, tusidanganyane. Hathorn alimwita kwa jina na kumuulizia wanawe, jambo ambalo mwaka ule, kwa mzungu wa cheo chake na mweusi mwenye reki mkononi, halikuwa la kila siku.

Basi mwaka 1991 tukafika fainali, na fainali ikapangwa ichezwe kwetu. Wapinzani walitoka ng'ambo ya mto, Arkansas, na walikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Renard Gilliam. Miaka ishirini, mwembamba, miguu mirefu. Katika besiboli mtu akishafika kituo cha kwanza anaweza kuiba cha pili, yaani anachomoka mbio mrushaji akiwa bado anajipanga kurusha mpira. Msimu ule Gilliam alikuwa ameiba vituo hamsini na kimoja, amekamatwa mara mbili tu. Wasaka vipaji wa timu kubwa walikuwa wakimfuata kila mji na saa zao mkononi.

Siku mbili kabla ya mechi Hathorn alikwenda kwenye banda la zana.

"Ezell, yule mtoto akifika cha kwanza, hesabu yuko cha pili. Nataka ardhi imshike miguu."

"Nimwage maji, Kocha?"

"Maji refa atayaona. Chimba. Toa udongo mfinyanzi, tia mchanga na mboji, lowesha, kisha juu funika na udongo mkavu kidogo. Pale pale anapochomokea, hatua nne."

Ezell aliweka reki chini. "Kocha, mtu anaweza kuumia pale."

"Atachoka tu. Kuchoka si kuumia."

Hapa watu wa huruma watasema, angefanyaje? Alikuwa na watoto wanne, na Hathorn alikuwa Hathorn. Usimtafutie kisingizio, mwenyewe hakujitafutia. Alichimba alfajiri ya siku ya mechi, shimo la kina cha shubiri moja, akachanganya kwenye toroli, akajaza, akafunika, akasawazisha. Na aliifanya kazi ile vizuri. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna zaidi kuliko yote. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaona hata Weems mwenyewe asingeijua tofauti, akatabasamu.

Gilliam alifika kituo cha kwanza raundi ya tano. Akasogea hatua zake, akainama, akachomoka. Mguu wa kulia ulizama hadi kifundo, mwili ukaenda, goti likabaki. Ulisikika mlio kama mtu amevunja ukuni mkavu, na watu elfu mbili wakainuka kwa pamoja.

Marefa wakaanza kusogea. Hathorn, kutoka benchi, akamtazama Ezell. Kisha akalitazama lile shimo. Ezell akachukua reki akakimbia. Alikuwa wa kwanza kufika. Akapiga magoti kando ya yule kijana na kuanza kulifukia shimo kwa viganja, haraka haraka, huku matabibu wa timu wakija na machela. Kijana alikuwa analia kwa sauti ndogo, ameuma kola ya jezi. Akageuza kichwa, akamwona mtu mzima mwenye nguo za kazi akihangaika na udongo pembeni yake.

"Samahani, mzee," akasema. "Nimekuharibia uwanja."

"Usijali, kijana," Ezell akamjibu.

Usijali! Hayo ndiyo maneno yaliyomtoka. Marefa walipofika walikuta ardhi iliyosawazishwa na mtunza uwanja aliyesimama kwa adabu na reki yake. Tukashinda tatu kwa mbili. Jioni ile, watu wakiwa wanaimba barabarani, Hathorn alirudi pale na chupa ya achari, akachota mchanganyiko ule ule, akafunga kifuniko. "Udongo uliotupa ubingwa," akasema, akamkonyeza Ezell. Kesho yake chupa ikawa kabatini.

Baada ya hapo Hathorn alimwomba tena mara mbili, miaka tofauti. Mara zote Ezell alisema mgongo unamsumbua. Uongo mtupu, mgongo wake ulikuwa mzima kama wa punda. Lakini kusema "sitaki" kungemlazimu aseme kwa nini, na kwa nini yenyewe haikutamkika. Akawa anautunza uwanja ule kama mtu anayelipa kafara. Aliujaza, akaushindilia, akaupima kwa kamba kila asubuhi. Makocha wageni wakawa wanamfuata kumpongeza kwamba hawajaona ardhi tambarare kama ile. Kila pongezi ilimchoma kama kofi la shavuni, naye akiitikia, "Asante, bwana," huku ametazama viatu vyake.

Mkewe, Corinne, mwanamke wa maneno makali na moyo laini, alikuwa akimtania. "Ezell, huo uwanja unaufagia kuliko unavyolala nyumbani. Ukifa nikuzike kituo cha ngapi?"

"Popote, ila si cha kwanza."

"Ehe, sasa unachagua na kaburi."

Hakumwambia hata yeye. Hathorn alistaafu, akafa, akazikwa kwa bendera na tarumbeta. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti amekwenda zake, mwosha kabaki na siri peke yake. Walikuja makocha wawili kati hapo, hawakushinda kitu cha kusimulia, wakaondoka. Halafu, miaka minne iliyopita, chuo kikatangaza kocha mpya, na Ezell akalisoma jina gazetini akiwa mezani, uji wa mahindi ukampoa mbele yake. Lilikuwa Renard Gilliam.

Alikuja bandani siku yake ya kwanza, mtu wa miaka arobaini na tisa, anachechemea, na mfuko wa karanga za kuchemsha mkononi.

"Mzee Ezell. Hunikumbuki."

"Nakukumbuka, Kocha."

"Mimi sikukusahau. Siku ile watu wote wa Pickard walikuwa wanamtazama refa, wewe peke yako ulinikimbilia. Ulipiga magoti kwenye udongo pamoja nami. Nilimsimulia mama yangu. Waliponipigia simu kunipa kazi hii, nilitaka kukataa, nikamkumbuka yule mzee wa reki. Nikasema mji wenye mtu yule hauwezi kuwa mbaya."

Pale ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, mtu amesimama kizingitini na karanga. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni, "Karibu Pickard, Kocha." Akazila zile karanga.

Kuanzia hapo Gilliam alikuwa anakuja kila asubuhi. Alichukua reki ya pili na kuvuta udongo pamoja naye, kama Weems alivyofanya zamani. Akajifunza kufinya, akajifunza rangi. Wakawa marafiki, na urafiki huo ulikuwa kitu kitamu kuliko vyote alivyopata Ezell uzeeni, na ulimwaibisha kuliko vyote. Siku moja Gilliam alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Baba yangu tangu siku ile hakutazama mechi tena. Hata ya kwenye televisheni. Mtu aliyenifundisha kukimbia, barabara ya kiwanda cha mbao, na filimbi mdomoni." Ezell hakuuliza kwa nini. Aliogopa jibu. Na yule baba, Lucius Gilliam, alipofariki mwaka juzi mwezi wa pili, Corinne alioka keki, Ezell akaipeleka ofisini kwa Kocha. Mazikoni hakwenda. Alisingizia mgongo.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, ndipo Gilliam alipomletea habari akiwa anacheka kama mtoto. Alikuwa amewaandikia wakubwa wa chuo, nao wamekubali. Uwanja utaitwa Uwanja wa Ezell Purvis. Kibao kimeshachongwa, kitafunuliwa Jumamosi, kabla ya mechi ya mwisho ya msimu.

Corinne alinunua kofia ya zambarau yenye ua kubwa, akaivaa ndani ya nyumba siku tatu mfululizo, hata akipika. "Nizoee uzito," akasema. Ezell alimtazama akikaanga kambare na kofia kichwani, akataka ardhi ipasuke immeze.

Ijumaa mchana Gilliam akaja bandani. Siku hiyo hakuwa na karanga. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akakuna goti lake bovu kwa muda.

"Mzee, nina jambo la kukuomba, na sijivunii. Wale wa kesho wana kijana mmoja wa mbio. Mbio hasa. Tukipoteza kesho hatuendi mashindano, na tusipoenda, mimi hapa nimekwisha. Misimu minne bila kitu. Walishaniambia." Akatazama mlango. "Wachezaji wa zamani wananiambia Kocha Hathorn alikuwa na ujanja wake wa ardhi. Kwamba wewe ulikuwa fundi wake. Unaweza kumpunguza mwendo kidogo tu? Asiumie, achoke tu."

Ezell alikuwa ameshika mpini wa reki. Akaiegemeza reki ukutani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema watu, lakini hawasemi kwamba wakati mwingine anayekuja kukukumbusha ni yule yule uliyemzamisha, na anakuita mzee kwa heshima zote.

"Umesema nini, Kocha?"

"Achoke tu."

"Nisubiri hapa."

Alivuka maegesho, akaingia jengo la michezo, akafungua kabati kwa ufunguo aliokuwa nao miaka yote. Msichana wa mapokezi akacheka, "Leo umeamua kuigusa, Mzee Ezell?" Akarudi na ile chupa, akasokota kifuniko kilichoshika kutu, akamimina udongo wote juu ya meza ya zana.

"Tazama rangi," akasema.

Gilliam akainama. Alikuwa ameshavuta udongo wetu mwekundu miaka minne, anaujua kama ngozi yake. Huu ulikuwa mweusi, mwepesi, unamwagika. Akautia vidole, akausugua.

"Hii ni mboji na mchanga."

"Ndiyo."

"Kituo cha kwanza hakuna mboji."

"Palikuwa nayo siku moja. Niliitia mimi. Hathorn alisema, mimi nikachimba. Hatua nne, kina cha shubiri, nikafunika juu. Wewe hukuteleza, Renard, wala hukukosea. Mguu wako uliingia kwenye shimo langu."

Gilliam hakuondoa macho kwenye ule udongo. "Na ulipokuja mbio na reki."

"Nilikuja kufukia. Refa asione."

"Nilikuomba radhi."

"Uliniomba."

"Ukaniambia nisijali."

"Nilikuambia." Ezell alikuwa amevua kofia bila kujua, anaizungusha mkononi. "Nina haya, Kocha. Sina neno kubwa kuliko hilo. Kile kibao kiondolewe. Niliona haya siku ile na kila siku uliyokuja hapa na karanga, na sikusema kwa sababu nilipenda uje."

Nje mashine ya kukatia nyasi ilikuwa inanguruma, ikazimwa. Gilliam akapangusa vidole kwenye suruali, pole pole, kimoja kimoja.

"Na mimi leo nimekuja kukuomba umfanyie mtoto wa mtu..." Hakumaliza. Akafunika uso kwa mikono akakaa hivyo. Alipoiondoa hakuwa na hasira, na Ezell angeona afadhali hasira. "Kibao hakinihusu. Goti nimeshalizoea. Lakini kuna mtu mmoja hajawahi kuzoea, na amekufa." Akatoa simu mfukoni. "Mwambie mama yangu."

"Sasa hivi?"

"Umesubiri vya kutosha."

Akapiga, akaiweka juu ya meza, sauti imefunguliwa wote wasikie. Bi Odessa Gilliam, miaka themanini na tatu, alipokea kwenye mlio wa pili.

"Renard? Umekula?"

"Nimekula, mama. Kuna mtu hapa ana jambo na wewe. Ni yule mzee wa reki."

"Yule aliyekupigia magoti? Mwambie siku zote namtaja kwenye sala."

Ezell alishika ukingo wa meza. Alimweleza yote, tangu shimo mpaka chupa. Alipofika mwisho, upande wa pili ilisikika redio ikiimba nyimbo za injili kwa chini. Halafu redio ikazimwa.

"Unajua mume wangu alikuwa anaamini nini?" Bi Odessa akauliza. Sauti haikupanda wala kushuka. "Wiki moja kabla ya mechi ile alimbadilisha mtoto namna ya kuchomoka. Alimwambia chimba kwa mguu wa kulia, bonyeza kwa nguvu. Goti lilipovunjika alisema ni yeye. Nimemvunja mwanangu kwa ujuaji wangu, alisema hivyo jikoni kwangu. Hakulisema tena, ila ile filimbi aliitupa mtoni. Miaka thelathini sikuweza kumtoa pale."

"Sikujua, mama."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Mwaka juzi Januari alikuwa hai, anakaa hapa kwenye kiti hiki. Ungepiga simu Januari."

Gilliam alikuwa amegeukia ukuta.

"Jumapili," Bi Odessa akasema, "njoo umwambie mwenyewe. Yuko nyuma ya kanisa, safu ya tatu kutoka uzio. Na uje na hiyo chupa yako."

Jumamosi ardhi ya kituo cha kwanza ilikuwa ngumu kama meza. Kocha na mtunza uwanja walikuwa wameishindilia pamoja, bila kusemezana. Yule kijana wa mbio aliiba vituo vitano, tukafungwa saba kwa mbili, na watu wakamzomea Gilliam akitoka. Kibao hakikufunuliwa. Sisi jukwaani tuliulizana kuna nini, tukajibiwa kwamba chuo kinatafakari. Corinne alikuwa amekaa safu ya mbele, kichwa wazi, kwani Ezell alishamwambia usiku wa kuamkia siku ile, na alikuwa amemsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa ile.

"Kofia niliinunua niende kukutazama ukiheshimiwa," alimwambia asubuhi ya Jumapili, anaipachika mbele ya kioo. "Nitaivaa hivyo hivyo. Ingia garini."

Walivuka daraja la mto, mwendo wa saa moja na nusu, chupa, imerudishiwa udongo wake, ikiwa mapajani mwa Ezell. Ibada ilikuwa bado haijatoka. Bi Odessa alikuwa anawasubiri makaburini, amekaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini, mwanawe amesimama nyuma yake. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko sauti yake. Hakumpa Ezell mkono. Alimwonyesha tu kwa fimbo mahali pa kusimama.

Ezell akaiweka chupa kwenye nyasi, akavua kofia. Akalitazama lile jiwe lenye jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona, mtu aliyebeba mzigo usio wake mpaka akaingia nao humo chini. Akaanza kusema, polepole, kwa ile sauti ambayo wanaume wa kwetu huitumia makaburini, ya chini, ya kujisemea.

"Bwana Gilliam, mimi ni Ezell Purvis. Nilitunza uwanja wa Pickard. Mwaka tisini na moja nilichimba..."

"Hakusikii," Bi Odessa akamkatiza.

"Nini, mama?"

"Lucius mwishoni masikio yalikuwa mazito. Ukisema naye hivyo hakusikii. Sema kwa sauti."

Milango ya kanisa ilikuwa imefunguliwa. Watu walikuwa wanatoka na pepeo zao za karatasi na watoto wao, wanasimama kwenye ngazi, wanageuka kutazama wageni makaburini. Corinne aliinamisha kichwa, ua la kofia likatikisika. Gilliam aliweka mkono kwenye bega la mama yake, na mkono wa pili hakujua auweke wapi.

Ezell akapandisha sauti kidogo.

"Bado," Bi Odessa akasema.

Basi akajaza kifua pumzi, akamgeukia Lucius Gilliam, akaanza upya tangu jina lake, kwa sauti ya kufika barabarani.